Mikono Safi Kwanza, Glavu Baadaye: Yale Ambayo Mgonjwa Ana Haki ya Kuyaona na Kuyauliza

Mnunuzi wa sukari huiona mizani. Mnunuzi wa kitambaa huitazama futi na kuhakikisha kwamba mita tatu alizolipia ni mita tatu kweli. Mgonjwa hana mizani wala futi. Kwa fedha taslimu, kwa bima au kwa kodi yake, analipia huduma ambayo sehemu yake kubwa hawezi kuipima. Hajui kama dawa aliyochomwa ndiyo iliyostahili, wala hajui kilichofanyika alipokuwa amelazwa usingizi katika chumba cha upasuaji. Hata hivyo, ipo sehemu moja ya huduma hiyo inayofanyika mbele ya macho yake, mara nyingi kwa siku, na ambayo uhai wake waweza kuitegemea. Sehemu hiyo ni mikono ya wanaomhudumia.

Tunaandika makala haya kwa sababu watumiaji wengi wa huduma za afya huitazama mikono hiyo lakini huielewa vibaya. Wapo wanaotulia moyo mara wamwonapo muuguzi amevaa glavu, wakidhani kwamba mkono uliovaa glavu ni mkono safi. Wapo pia wanaoghadhibika wamwonapo mhudumu akimchanja mtoto wao kwa mikono mitupu, wakidhani kwamba wamedharauliwa. Dhana zote mbili zina kasoro, na ya kwanza ina hatari kubwa zaidi. Katika kurasa hizi tutaeleza glavu hufanya nini, hazifanyi nini, ni wakati gani mhudumu hapaswi kukugusa kabla ya kusafisha mikono, na namna ya kumkumbusha bila kumvunjia heshima.

Safari ya vimelea kutoka kitanda hadi kitanda

Hebu tufikirie wodi ya wazazi yenye vitanda sita. Mama wa kitanda cha kwanza alijifungua kwa upasuaji, na mshono wake umeanza kutunga usaha. Muuguzi amevaa glavu, anausafisha mshono ule na kuufunika upya. Kwenye kitanda cha pili mtoto mchanga analia. Muuguzi, kwa huruma na kwa haraka, anamgeuza mtoto na kukigusa kitovu chake kibichi kwa glavu zilezile. Hakuna aliyekosa nia njema hapo. Muuguzi hakudhurika, kwa maana glavu zimemkinga. Mtoto ndiye aliyepokea kilichokuwa kwenye mshono wa mama mwingine. Siku mbili tatu baadaye, mtoto anapopandisha homa na kukataa ziwa, hakuna atakayeukumbuka mguso ule.

Hivyo ndivyo maambukizi mengi ya hospitalini yanavyosafiri. Vimelea vya maradhi havina miguu wala mabawa ya kuvusha vitanda. Aghalabu huvushwa na mikono. Hukaa kwenye ngozi ya mgonjwa, kwenye shuka, kwenye nguzo ya kitanda, kwenye kitasa cha mlango na kwenye mpira wa kipimo cha shinikizo la damu. Mkono unaogusa vitu hivyo huvichukua, na mkono huohuo usiposafishwa huvipeleka mahali pengine. Vikiangukia ngozi nzima, huenda visilete dhara. Vikipata mlango, yaani kidonda, mshono, kitovu cha mtoto, mrija wa dripu au mpira wa mkojo, huingia mwilini.

Ukubwa wa tatizo hili unajulikana. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, kati ya kila wagonjwa 100 wanaotibiwa katika hospitali za nchi zenye kipato cha juu, 7 hupata walau ambukizo moja wakiwa hospitalini. Katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati idadi hiyo hufikia 15. Kwa wastani, mmoja kati ya kila 10 wanaoambukizwa hufariki. Ripoti hiyohiyo inaeleza kwamba usafi wa mikono, pamoja na hatua nyingine zisizo na gharama kubwa, waweza kuzuia hadi asilimia 70 ya maambukizi hayo.

Kwa mtumiaji wa huduma, takwimu hizo zina maana ya moja kwa moja. Ambukizo la hospitalini huongeza siku za kulala wodini, huongeza dawa za kununua, humwondoa kazini mgonjwa pamoja na jamaa anayemuuguza, na mara nyingine huletwa na vimelea vilivyokwisha kuwa sugu kwa dawa za kawaida. Mtu aliyeingia hospitalini na tatizo moja hutoka na mawili, na la pili hakuja nalo.

Walioona kabla ya madaktari

Ujuzi huu una historia, na katika historia hiyo wagonjwa waliiona hatari kabla ya madaktari kuieleza. Katikati ya karne ya 19, hospitali kuu ya mjini Vienna, nchini Austria, ilikuwa na kliniki mbili za kujifungulia. Ya kwanza ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wa udaktari. Ya pili ilihudumiwa na wakunga. Mwaka 1846, katika kliniki ya kwanza, zaidi ya akina mama 11 kati ya kila 100 walifariki. Katika ya pili walifariki chini ya 3. Akina mama wa mji ule walizijua habari hizo. Walisihi wasipelekwe kliniki ya kwanza, na baadhi yao waliona heri kujifungulia njiani kuliko kuingia humo.

Daktari mmoja wa kliniki hiyo, Ignaz Semmelweis, alitaka kujua sababu. Mwaka 1847 rafiki yake, daktari Jakob Kolletschka, alijeruhiwa kwa kisu wakati wa kuchunguza maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana na ule uliokuwa ukiwaua akina mama. Semmelweis akatambua kwamba madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka katika chumba cha kupasulia maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wajawazito, ilhali wakunga hawakuwa na kazi ya maiti. Aliamuru kila mmoja anawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kumgusa mama. Kufikia mwaka 1848, vifo katika kliniki ya kwanza vilikuwa vimeshuka chini ya 2 kati ya kila 100.

Wakubwa wengi wa tiba wa zama zile walimpinga. Wengine hawakukubali kwamba mkono wa daktari ungeweza kuwa chanzo cha kifo. Semmelweis alifariki mwaka 1865 kabla hoja yake haijakubaliwa na wengi. Tunaikumbusha habari hii kwa sababu ina fundisho kwa mtumiaji wa leo: cheo cha mhudumu hakiusafishi mkono wake, na jicho la mgonjwa si la kupuuzwa.

Nyakati tano za kusafisha mikono

Shirika la Afya Duniani limeweka nyakati tano ambapo mhudumu wa afya anapaswa kusafisha mikono. Ni nyakati ambazo mgonjwa yeyote, hata asiyesoma utabibu, anaweza kuzitambua:

1. Kabla ya kumgusa mgonjwa.
2. Kabla ya kufanya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, kama vile kuweka dripu, kufunga kidonda au kuingiza mpira wa mkojo.
3. Baada ya kugusa, au kuwa katika hatari ya kugusa, damu, mkojo, usaha au majimaji mengine ya mwili.
4. Baada ya kumgusa mgonjwa.
5. Baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka mgonjwa, kama kitanda, shuka au meza yake, hata kama mgonjwa mwenyewe hakuguswa.

Nyakati mbili za kwanza humlinda mgonjwa. Tatu za mwisho humlinda mhudumu mwenyewe, wagonjwa wengine na wodi nzima.

Njia za kusafisha ni mbili. Ya kwanza ni kupaka kitakasa mikono chenye alkoholi na kusugua pande zote za mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na ncha za vidole, kwa sekunde 20 hadi 30, mpaka mikono ikauke yenyewe. Ya pili ni kunawa kwa sabuni na maji, kazi inayochukua sekunde 40 hadi 60 kwa jumla, pamoja na kukausha. Kwa mikono isiyo na uchafu unaoonekana, kitakasa hupendekezwa zaidi, kwa kuwa huua vimelea vingi kwa haraka na chaweza kuwekwa kando ya kitanda. Kwa hiyo usimlaumu mhudumu kwa kutokwenda kwenye bomba ikiwa umemwona akipaka kitakasa. Lakini mikono iliyochafuka kwa damu au uchafu mwingine unaoonekana lazima inawiwe kwa sabuni na maji. Hali kadhalika kwa mhudumu wa mgonjwa mwenye kuhara kunakosababishwa na vimelea ambavyo alkoholi haiviui.

Twajua kwamba vituo vingine hukatikiwa maji. Upungufu huo ni wa kweli, lakini haufuti wajibu. Shirika la Afya Duniani limechapisha namna ya kutengeneza kitakasa chenye alkoholi kwa kutumia vitu vichache vinavyopatikana, kusudi hospitali ziweze kukitengeneza zenyewe. Ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni pia hutosha kwa kunawa. Kituo kisicho na maji, sabuni wala kitakasa kina kasoro ya kutolewa taarifa kwa uongozi wake.

Glavu: zinamkinga nani?

Glavu za hospitalini hazikuanza kwa ajili ya mgonjwa. Katika majira ya baridi ya mwaka 1889 kuingia 1890, muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, Caroline Hampton, alikuwa akibabuka mikono kwa dawa kali ya kuulia vimelea. Daktari wa upasuaji William Halsted aliagiza kiwandani glavu nyembamba za mpira ili kumkinga. Baadaye ndipo ilipoonekana kwamba wagonjwa waliopasuliwa na watu waliovaa glavu walipata maambukizi kwa uchache zaidi.

Hadi leo, kinga ya kwanza ya glavu ni kwa yule anayezivaa. Humwepusha na damu na majimaji ya mgonjwa. Kwa mgonjwa huleta faida pale tu zinapokuwa mpya, zinapovaliwa kwa mikono safi, na zinapovuliwa mara kazi moja inapokwisha. Tunaomba msomaji ayashike mambo manne yafuatayo.

Kwanza, *glavu hazina uwezo wa kuua vimelea*. Glavu iliyogusa usaha imechafuka sawasawa na mkono uliogusa usaha. Tofauti ni kwamba mwenye mkono mtupu huhisi unyevu na kukimbilia kunawa, ilhali mwenye glavu hahisi kitu na huendelea na kazi.

Pili, *glavu si ukuta kamili*. Zaweza kuwa na matundu madogo yasiyoonekana, na huchanika katika kazi. Wakati wa kuzivua, mikono huweza kuchafuliwa na upande wa nje. Ndani yake mkono hutoka jasho, na katika joto na unyevu huo vimelea vya ngozi huongezeka. Ndiyo maana mikono husafishwa kabla ya kuvaa glavu na mara baada ya kuzivua.

Tatu, *glavu moja ni ya mgonjwa mmoja*. Hata kwa mgonjwa mmoja, hubadilishwa pale mhudumu anapotoka sehemu chafu ya mwili kwenda sehemu safi, kwa mfano anapomaliza kumsafisha haja kubwa na kutaka kushika mrija wa dripu.

Nne, *glavu za kutumia mara moja hazioshwi*. Kuzisuuza kwa maji au kuzipaka kitakasa ili zitumike kwa mgonjwa wa pili si utaratibu unaokubalika, kwani huziharibu na haziwi safi.

Wakati zinapohitajika, na wakati zisipohitajika

Glavu zinahitajika pale ambapo mhudumu anatarajia kugusa damu, majimaji ya mwili, kidonda, au sehemu laini za ndani kama mdomoni na ukeni. Utazitarajia, basi, wakati wa kuchukua damu kwenye mshipa, kuweka au kuondoa dripu, kupima njia ya uzazi, kuzalisha, kusafisha kidonda, na kushika shuka zilizolowa damu au mkojo. Kwa upasuaji na kwa kuzalisha hutumika glavu tasa, yaani zilizotakaswa vimelea vyote na kufungwa jozi moja moja.

Glavu hazihitajiki kwa kupima joto, mapigo ya moyo au shinikizo la damu, kumwogesha na kumvisha mgonjwa mwenye ngozi nzima, kumpa vidonge, kumpa chakula, kusukuma kiti chake cha magurudumu au kuandika kwenye faili lake. Hazihitajiki pia, kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kwa sindano ya kawaida ya msuli au ya chini ya ngozi, pakiwemo chanjo, ikiwa ngozi ya mchanjwaji na ya mchanjaji haina jeraha. Mzazi anayemwona muuguzi akimchanja mwanawe bila glavu asihamaki. Jambo la kutazama ni kama muuguzi huyo amesafisha mikono yake, na kama sindano imetolewa kwenye pakiti mpya mbele yake.

Kuvaa glavu pasipo haja kuna madhara. Mhudumu aliyezivaa tangu asubuhi hupitwa na nyakati zote tano tulizozitaja, kwani haiwezekani kusafisha mikono iliyomo ndani ya glavu. Aidha, fedha za kituo huteketea, na siku ya dharura ya kweli boksi hukutwa tupu. Mwaka 2018 hospitali ya watoto ya Great Ormond Street mjini London ilianzisha kampeni ya kuwahimiza watumishi wake waache kuvaa glavu pale zisipohitajika. Hospitali hiyo haikukosa fedha za kununua glavu. Ilitaka usafi wa mikono urudishiwe nafasi yake na taka za plastiki zipungue.

Ukitakiwa kununua glavu

Katika sehemu nyingi za nchi yetu, mjamzito huambiwa afike kujifungua akiwa na vifaa: glavu, pamba, wembe au kisu cha kukatia kitovu, vibanio na mpira wa kutandika. Vivyo hivyo baadhi ya wagonjwa wa vidonda hutumwa dukani kuleta glavu. Kwa mujibu wa sera ya afya ya Tanzania, huduma za uzazi katika vituo vya umma hutolewa bila malipo, na mama hapaswi kukataliwa huduma kwa sababu amefika mikono mitupu. Ikiwa kituo kimeishiwa na umeombwa kununua, zingatia yafuatayo:

- Uliza ni glavu za aina gani. Za kawaida za uchunguzi huuzwa kwa boksi, nazo si tasa. Za kuzalishia na za upasuaji ni tasa, huuzwa jozi moja katika pakiti iliyofungwa, na huwa na namba ya saizi, kwa mfano 7 au 7.5. Usilipie aina moja ukapewa nyingine.
- Tazama tarehe ya mwisho ya matumizi. Pakiti iliyochanika, iliyolowa au kufunguka si tasa tena, hata kama tarehe yake haijapita.
- Usinunue glavu zilizotolewa kwenye boksi na kufungwa upya kwenye vifuko vya plastiki, ukaambiwa kwamba ni za kuzalishia. Hakuna anayeweza kukuthibitishia mikono iliyozipanga.
- Usifungue pakiti nyumbani ili kukagua. Mhudumu ndiye atakayeifungua mbele yako, wakati wa kazi.
- Omba risiti na uitunze.
- Ikiwa ngozi yako huwasha au huvimba unapogusa mpira, kama puto au glavu za kufulia, mweleze mhudumu mapema. Zipo glavu zisizotengenezwa kwa mpira wa asili.

Glavu unazozishuku ubora wake zaweza kutolewa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo ndiyo yenye jukumu la kusimamia vifaa hivyo. Tunza pakiti yake. Humo mna jina la mtengenezaji na namba ya toleo.

Inafaa pia kukumbuka kwamba glavu ulizozinunua hazikuondolei haki ya kuhudumiwa kwa mikono iliyosafishwa. Umenunua sehemu moja tu ya kinga. Sehemu nyingine hainunuliwi dukani.

Kuuliza bila kuvunja heshima

Wagonjwa wengi huona kasoro na kunyamaza. Huogopa kuonekana wajuaji, au huogopa kwamba muuguzi aliyekumbushwa atakasirika na kuwatelekeza. Hofu hiyo tunaielewa. Mtu aliyelala kitandani, na aliyevaa khanga moja, hana nguvu sawa na aliyesimama juu yake akiwa na sindano. Hata hivyo kuuliza si ujinga, na lugha ya adabu hufungua milango mingi. Yapo maneno ambayo yamtosha mtu yeyote:

“Samahani sista, najua una kazi nyingi. Naomba utakase mikono kabla hujanifungua kidonda.”

“Shikamoo daktari. Mtoto bado ana kitovu kibichi. Naomba ubadilishe glavu kabla ya kumshika.”

“Nesi, pole na kazi. Glavu hizi ndizo ulizomhudumia mwenzangu, au ni mpya?”

Aliye mahututi, aliye na uchungu wa kuzaa au mtoto mdogo hawezi kusema hayo. Hapo ndipo jamaa aliyeruhusiwa kuwapo anapopaswa kuwa ulimi wake. Ni vizuri mkubaliane kabla ya kwenda hospitalini nani atakayesema, ili jambo lisigeuke ugomvi wa watu wanne kwa mpigo.

Kwa upande mwingine, tunawakumbusha wahudumu wanaosoma kijitabu hiki kwamba ombi la namna hiyo si shutuma. Mgonjwa anayeuliza amewaamini kiasi cha kusema mbele yenu, badala ya kusema nyuma yenu. Na hakuna mhudumu asiyeweza kusahau. Anayehudumia wodi iliyojaa, akiwa peke yake usiku, hukutana na nyakati zile tano mara nyingi mno kwa zamu moja.

Wajibu wa mgonjwa na jamaa

Katika hospitali zetu sehemu kubwa ya uuguzi hufanywa na jamaa: ndiye amlishaye mgonjwa, amwogeshaye, amwagiaye chombo cha haja na amtandikiaye kitanda. Mikono ya jamaa, basi, nayo ni mikono ya wodi. Mwenye haki ya kudai usafi ana wajibu wa kuwa nao.

Nawa au tumia kitakasa unapoingia wodini, kabla ya kumlisha mgonjwa, baada ya kumsaidia haja, na unapoondoka. Usiguse kidonda, bandeji wala mrija wa dripu. Usimshike mgonjwa wa kitanda cha jirani ukitoka kumhudumia wako. Akihitaji msaada, mwite muuguzi, au safisha mikono kwanza. Usichukue glavu za wodi kwa matumizi ya nyumbani. Unapomuuguza mtu nyumbani, vaa glavu unaposhika damu au haja, zitupe baada ya kazi hiyo moja, kisha nawa kwa sabuni. Glavu zilizotumika zisianikwe, na watoto wasipewe kuchezea kama maputo.

Pa kupeleka malalamiko

Ukimkumbusha mhudumu akakataa, au ukiona kwamba kasoro ni ya kila siku, usiishie kulalamika njiani. Anza na muuguzi mfawidhi wa wodi, kwani mambo mengi humalizikia kwake. Asiposikiliza, nenda kwa mganga mfawidhi wa kituo, au tumia sanduku la maoni na namba ya simu ya malalamiko iliyobandikwa ukutani. Ngazi inayofuata ni Mganga Mkuu wa Wilaya, na baada yake Mganga Mkuu wa Mkoa. Kwa kosa la kitaaluma la mtu binafsi, malalamiko hupelekwa kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, ikiwa anayelalamikiwa ni daktari, au kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ikiwa ni muuguzi au mkunga.

Andika siku, saa, wodi, kilichofanyika na aliyeshuhudia. Andika uliyoyaona, si uliyoyadhani. “Saa nne asubuhi muuguzi alitoka kitanda cha tatu akaja cha nne bila kubadilisha glavu” ni taarifa inayoweza kufanyiwa kazi. “Hospitali hii ni chafu” haina pa kuanzia. Eleza pia ikiwa bomba lilikuwa halitoi maji au chupa ya kitakasa ilikuwa tupu, kwa maana huenda kosa si la aliyekuhudumia bali la aliyepaswa kumpatia vifaa.

Kwa ufupi

- Glavu hazichukui nafasi ya kusafisha mikono. Mikono husafishwa kabla ya kuzivaa na baada ya kuzivua.
- Glavu moja ni ya mgonjwa mmoja na kazi moja. Haioshwi wala haihamishwi.
- Mhudumu asiye na glavu hajakukosea ikiwa kazi yake haina damu wala majimaji ya mwili, na mikono yake ameisafisha.
- Kitakasa chenye alkoholi hutosha kwa mikono isiyo na uchafu unaoonekana. Penye damu au uchafu, ni sabuni na maji.
- Ukinunua glavu, soma aina, saizi na tarehe, kagua pakiti na udai risiti.
- Una haki ya kuomba mikono isafishwe kabla hujaguswa. Omba kwa adabu, na omba mapema.

Mama wa kitanda cha pili katika ile wodi yetu ya vitanda sita hakuhitaji elimu ya utabibu ili kumlinda mwanawe. Alihitaji kujua kwamba glavu zile hazikuwa safi tena, na kuwa na hakika kwamba anaruhusiwa kusema. Anaruhusiwa.